Maisha ya Clément Marot, mtu wa partisipe pase



Majuma mawili yaliyopita tulipewa dikte ya Kifaransa katika kilasi cha nne. Dikte yenyewe haikuwa ndefu. Mwalimu alisoma habari ya mama mmoja aliyeamka asubuhi, akaoga, akanawa mikono, kiisha akaenda sokoni. Kumbe mtego ulikuwa ndani ya maji ya kuoga! Mmoja wetu, msichana mwenye bidii sana, aliandika hivi:

Elle s'est lavée.
Elle s'est lavée les mains.

Mstari wa kwanza ulipita. Wa pili ulipigwa kalamu nyekundu, kwa sababu ilipaswa kuandikwa Elle s'est lavé les mains, bila ile e ya mwisho. Mama ni yule yule, maji ni yale yale, verbi ni ile ile. Lakini mara ya kwanza partisipe inavaa e, mara ya pili inaivua. Msichana yule alitoka nje na kaye yake, akaketi chini ya mkaratusi, akatuambia kwamba amechoka kabisa. Kwao nyumbani hakuna mtu anayesema Kifaransa, yeye alikutana nacho kwenye masomo tu, tena kwa ubao na chaki. Alisema lugha hii ni ya watoto wa wakubwa, si yake, na mwaka ukiisha hatarudi tena.

Tukamwendea mwalimu tukamwuliza, ni nani basi aliyeleta sheria hii ya kutusumbua? Mwalimu akacheka, akatuambia tutafute maisha ya mtu mmoja anayeitwa Clément Marot. Tumetafuta. Na tulipomaliza kuyasoma, tulikimbia kwanza kumwambia yule dada, kabla hata ya kukata stensil. Sababu yake mtaiona sasa hivi.

UTOTO WAKE

Clément Marot alizaliwa karibu na mwaka 1496 katika mji wa Cahors, upande wa kusini wa Ufaransa. Baba yake, Jean Marot, alitoka Normandie, mbali huko kaskazini, naye alikuwa mtunga mashairi. Mama yake alikuwa mwenyeji wa kusini.

Sasa sikilizeni vizuri. Wakati ule Ufaransa haikuwa nchi ya lugha moja. Watu wa kusini walikuwa na lugha yao, ile wenye elimu wanaiita lugha ya oc. Haikuwa Kifaransa kilichoharibika, hapana. Ilikuwa lugha kamili, na washairi wake walijulikana miaka mia nne kabla ya Marot. Mtoto Clément alisema lugha hiyo na mama yake, akaicheza na watoto wenzake mtaani. Kifaransa hakikuwa lugha ya michezo yake.

Alipopata umri wa miaka kumi hivi, baba yake alipata kazi kwa Anne wa Bretagne, malkia wa Ufaransa. Akamchukua kijana wake, wakaenda kaskazini. Huko ndiko Clément alikolazimishwa kujifunza Kifaransa, kama sisi. Baadaye, alipokuwa mtu mzima na jina lake linajulikana, aliandika bila kuficha kwamba lugha ya mama aliisahau, na lugha ya baba aliishika kwanza kwa namna isiyo laini.

Ndiyo hiyo, ndugu. Yule mtu ambaye jina lake linatajwa kila mara watu wakibishana juu ya partisipe, hakuzaliwa na Kifaransa mdomoni. Alikikuta njiani, akiwa na umri wa mtoto wa shule ya msingi. Tofauti yetu naye ni moja: yeye aliacha lugha ya kwanza ianguke. Sisi hatuna sababu ya kuiangusha yetu, na mbele kidogo mtaona ya kwamba inatusaidia.

KAZI KATIKA NYUMBA ZA WAKUBWA

Baba yake alimfundisha kupima mistari na vina. Kijana alitumika kwanza katika nyumba ya bwana mmoja mkubwa, kiisha akakaa Paris kati ya makarani wa mahakama. Kazi ya sheria haikumpendeza sana, mashairi ndiyo yaliyomwita. Mwaka 1519 alipata mahali pazuri: aliingia katika nyumba ya Marguerite, dada wa Mfalme François wa Kwanza. Marguerite huyu, ambaye baadaye akawa Malkia wa Navarre, alipenda vitabu na alipenda kusoma Maandiko. Katika miaka ile mafundisho ya Luther yalikuwa yanaanza kuingia Ufaransa, na watu waliotaka kulirudisha Kanisa kwenye Biblia walipata kivuli kwake. Marot naye alisikiliza mazungumzo yao.

Mwaka 1526, wakati wa Kwaresima, alikamatwa na kutiwa katika gereza la Châtelet, Paris. Shitaka lilikuwa kwamba alikula nyama ya nguruwe katika siku za kufunga. Leo tunaweza kucheka, lakini siku zile shitaka la namna hii liliweza kumfikisha mtu mahali pabaya, kwa sababu watu waliona nyuma yake harufu ya Uluteri. Rafiki zake walifanya mpango akahamishiwa Chartres, kwa askofu mwenye moyo mwema, naye akafunguliwa tarehe 1 Mei. Juu ya Châtelet aliandika shairi refu na kali, akiwafananisha mahakimu wa mahali pale na wakubwa wa kuzimu. Hakulitoa mara moja, alijua kwamba kulitoa ni kujitafutia taabu.

Baba yake alikufa katika mwaka ule ule, na Marot akachukua mahali pake katika nyumba ya Mfalme. Mwaka 1527 alifungwa tena, sababu alimsaidia mtu aliyeshikwa na askari atoroke. Safari hii alimwandikia Mfalme barua ya mashairi yenye utani mwingi, Mfalme akacheka, akaamuru afunguliwe. Mwaka 1532 alitoa kitabu chake cha kwanza kikubwa, L'Adolescence clémentine, kikapendwa sana.

KUKIMBIA NA KURUDI

Usiku mmoja wa Oktoba 1534, watu wasiojulikana walibandika karatasi za kupinga misa katika mitaa ya Paris na miji mingine. Moja ilikutwa hata mlangoni pa chumba cha Mfalme, kule Amboise. Mfalme akakasirika mno. Watu walikamatwa, wengine wakachomwa moto. Mwanzoni mwa 1535 jina la Marot likaonekana katika orodha ya watu wanaotafutwa.

Akakimbia. Alipita kwa Marguerite katika mji wa Nérac, kiisha akavuka milima akafika Ferrara, Italia. Pale aliishi mwanamke mwingine wa ukoo wa wafalme wa Ufaransa, Renée, mke wa mtawala wa Ferrara, ambaye naye aliwapokea wakimbizi wa Injili. Marot akawa mwandishi wake. Mwaka 1536 kijana mmoja mwembamba, Jean Calvin, naye alipita katika nyumba ile kwa siku chache.

Watu wengi wa Ituri wanajua maana ya kukimbia na kifurushi kichwani, na kulala katika nyumba ya watu wengine. Wanajua vilevile kwamba mkimbizi anajifunza lugha kwa haraka. Marot, ambaye tayari alikuwa amebadilisha lugha mara moja katika utoto wake, aliishi sasa kati ya watu wa Kiitaliano. Akasikiliza namna wanavyofunga maneno yao. Neno moja alilolisikia kule atarudi nalo.

Lakini Ferrara nayo haikuwa na usalama mrefu. Mtawala hakupenda Waluteri wa mke wake. Marot alikwenda Venezia, kiisha mwisho wa 1536 akaomba ruhusa ya kurudi kwao. Bei ya ruhusa ilikuwa kubwa: mjini Lyon, mbele ya kardinali, alipaswa kukana hadharani mawazo yale yaliyomkimbiza. Akakana.

Tulibishana sana juu ya jambo hili katika kamati ya gazeti. Wengine walisema mtu wa namna hii hafai kuandikwa katika gazeti la shule yetu. Wengine walijibu kwamba ni rahisi kuwa shujaa ukiwa umeketi darasani na biki mkononi. Tuliamua kuliandika jinsi lilivyo. Alichoka, alitaka kuona nchi yake, alijikana. Na maisha yake hayakuishia pale.

SOMO LA 1538

Mwaka 1538 vitabu vyake vilichapwa Lyon kwa mtu aliyeitwa Étienne Dolet. Katika mashairi mafupi ya kitabu kile kuna moja ambalo Marot anawapa wanafunzi wake, wapenzi wa mashairi waliomfuata. Anawaita kama watoto, anawafundisha jambo moja la sarufi. Fikirini: wakati ule hapakuwa na kitabu cha sarufi ya Kifaransa kilichoandikwa kwa Kifaransa, cha kwanza, cha Louis Meigret, kilitoka mwaka 1550. Mwaka 1539 ndio Mfalme aliamuru mahakama za nchi ziandike kwa Kifaransa. Watu walikuwa wanaandika kila mmoja kwa mapenzi yake. Huyu anatia s, yule hatii.

Marot akasema hivi, kwa ufupi: katika lugha yetu, neno lililotangulia ndilo linalotawala linalofuata. Ikiwa kitu kimetajwa kwanza, partisipe inakifuata. Ikiwa kitu kinakuja nyuma, partisipe haijui kitu hicho bado, inabaki ilivyo. Na kama ushahidi alionyesha Kiitaliano, kile alichosikia katika ukimbizi wake.

Tazameni:

J'ai acheté les livres.
Les livres que j'ai achetés.

Katika mstari wa kwanza, mkono unapoandika acheté, vitabu havijafika. Katika wa pili, vitabu vimeshapita mbele, tunavijua, ni vingi, tunatia s.

Tulipofika hapa, mmoja wetu aliruka kutoka bencini akasema: lakini sisi tunafanya hivyo kila siku! Na ni kweli. Kwa Kiswahili tunasema Nimenunua vitabu. Lakini vitabu vikitangulia, tunasema Vitabu nimevinunua. Ile -vi- imetoka wapi? Verbi imegeuza macho nyuma, ikatazama vitabu. Barua nimeiandika, miti nimeikata, mayai nimeyavunja. Mtoto wa Bunia anayeuza sokoni anafanya hesabu hii bila kufikiri. Kwa hiyo sheria ya Marot si mgeni kabisa nyumbani kwetu. Imevaa nguo nyingine tu.

NA VERBI ZA SE?

Katika shairi lile Marot hakusema lolote juu ya verbi zinazotembea na se, zile mwalimu anaziita verbes pronominaux. Ni wana-sarufi waliokuja nyuma yake, hasa katika miaka ya 1600, waliobishana juu yake mpaka wakaziweka katika mizani ile ile. Kwa macho, verbi hizi zinachukua être. Lakini moyoni zinafuata sheria ya avoir. Usitazame mtu anayetenda. Uliza: kitu kilichotendwa ni nini, na kiko mbele au nyuma?

Elle s'est lavée. Aliosha nini? Se, yaani yeye mwenyewe. Se iko mbele. Tia e.

Elle s'est lavé les mains. Aliosha nini? Mikono. Mikono iko nyuma. Usitie kitu. Hapa se inaonyesha tu mikono ni ya nani.

Les mains qu'elle s'est lavées. Mikono imepita mbele. Tia es.

Ndiyo hapo dada yetu alipoanguka, na sasa mnaona kwamba hakuanguka kwa upumbavu. Alimtazama mama, hakutazama mikono.

Shida ya pili ni kwamba neno moja dogo la Kifaransa, se, linafanya kazi ambazo Kiswahili kimezigawa kwa wafanyakazi wengi. Tumeandika orodha, mwalimu akaitazama na kuisahihisha:

1. Mtu anajitenda mwenyewe. Kiswahili kinatia -ji-. Kujificha ni se cacher, kujitetea ni se défendre.

2. Watu wanatendana. Kiswahili kinatia -ana mwishoni. Kupendana ni s'aimer, kuonana ni se voir, kupigana ni se battre.

3. Kitu kinatendeka, mtendaji hatajwi. Kiswahili kinatia -ika au -uka. Mlango unafunguka ni la porte s'ouvre. Kijiti kimevunjika ni le bâton s'est cassé.

4. Kiswahili hakitii alama yoyote. Kuamka ni se lever, kunyamaza ni se taire, kukumbuka ni se souvenir, kutoroka ni s'enfuir. Hapa ndipo wengi wetu tunasahau se, tunaandika je souviens, na mwalimu anashika kichwa. Verbi za namba hii hazina njia nyingine, ni za kukariri pamoja na se yake, kama vile mtu anavyojifunza jina pamoja na ukoo.

Na kwa partisipe tumepata msaada mmoja kutoka lugha yetu. Sikilizeni tofauti kati ya kuonana na kuandikiana. Katika kuandikiana kuna -ia- ndogo katikati: mtu anaandika barua kwa mwenzake. Hii -ia- ni kama à ya Kifaransa. Ukiisikia, mara nyingi se si kitu kilichotendwa, na partisipe haibadiliki.

Elles se sont vues. Wameonana. Hakuna -ia-. Tunatia es.
Elles se sont écrit. Wameandikiana. Kuna -ia-. Hatutii kitu.
Elles se sont téléphoné. Wamepigiana simu. Kuna -ia-. Hatutii kitu.
Elles se sont acheté des pagnes. Wamejinunulia vitenge. Kuna -lia, na vitenge viko nyuma. Hatutii kitu.

Lakini jihadharini, msaidizi si bwana. Kusaidiana kuna -ia- ndani yake, na bado tunaandika elles se sont aidées, kwa sababu kwa Kifaransa unamsaidia mtu moja kwa moja, aider quelqu'un. Na kujiuliza hakuna -ia-, na bado tunaandika elle s'est demandé, kwa sababu kwa Kifaransa unauliza jambo kwa mtu, demander à quelqu'un. Kwa hiyo Kiswahili kinakufikisha mlangoni. Ufunguo uko katika verbi ya Kifaransa yenyewe: je, inataka à au haitaki?

ZABURI

Turudi kwa Marot. Tangu zamani alikuwa na kazi nyingine aliyoifanya polepole: kugeuza Zaburi za Daudi ziwe mashairi ya Kifaransa yanayoimbika. Ya kwanza, Zaburi ya 6, ilichapwa mwaka 1533 pamoja na kitabu cha Marguerite. Mwaka 1539 Calvin, alipokuwa Strasbourg, alizitia baadhi ya Zaburi za Marot katika kitabu kidogo cha nyimbo. Mwaka 1541 zilichapwa Zaburi 30 mjini Paris. Watu wa nyumba ya Mfalme walizipenda, wakaziimba kwa tuni za kila namna.

Wakubwa wa chuo cha dini cha Paris hawakuzipenda hata kidogo. Na mwaka 1542 lile shairi kali juu ya Châtelet lilichapwa na Dolet. Marot aliona hatari imerudi. Mwisho wa mwaka ule akakimbia mara ya pili, sasa kwenda Genève, kwa Calvin. Yule aliyekana Lyon, safari hii aliacha nyumba, cheo na mshahara wa Mfalme.

Genève alifanya kazi kwa bidii, akafikisha Zaburi 49, pamoja na wimbo wa mzee Simeoni. Calvin aliomba baraza la mji limsaidie kwa fedha ili amalize zote 150. Baraza halikukubali. Mji ulikuwa maskini, na maisha yake makali hayakumfaa mtu aliyezoea mizaha ya nyumba za wafalme. Karibu na mwisho wa 1543 akaondoka, akapita Savoie, akafika Turin. Huko akafa Septemba 1544, mgeni katika nchi ya watu, akiwa na umri wa miaka 48 hivi. Rafiki yake wa ukimbizi, Lyon Jamet, alimwandikia maneno ya kaburini.

Kazi haikufa. Théodore de Bèze alitia Zaburi zilizobaki, na mwaka 1562 kitabu kizima cha Zaburi 150 kilitoka Genève, kikasambaa Ulaya kwa maelfu na maelfu. Miaka minne mbele ya hapo, katika Mei 1558, watu wengi walikusanyika jioni kwa jioni kwenye uwanja wa Pré-aux-Clercs, Paris, wakaimba Zaburi kwa sauti kubwa, ijapokuwa ilikuwa hatari. Tuni moja ya kitabu cha Genève, iliyotolewa mwaka 1551 kwa Zaburi ya 134, leo inaimbwa na Waprotestanti wa nchi nyingi kwa maneno ya Zaburi ya 100. Wanakwaya wetu, waulizeni wazee wa muziki, mtashangaa.

TUNAJIFUNZA NINI?

Dolet, aliyechapa vitabu vya Marot, alichomwa moto Paris mwaka 1546. Marot alikufa ugenini. Lakini somo lake dogo la 1538 bado linakaa katika madaftari yetu. Hata watu wa Ulaya linawachosha. Mwaka 2018 walimu wawili wa zamani wa Ubelgiji waliandika katika gazeti la Paris wakiomba partisipe inayokwenda na avoir isibadilike tena kamwe. Mabishano yakawa makubwa. Basi tusifikiri ya kwamba ni sisi wa Bunia tu tunaoona haya mbele ya ubao. Lakini mpaka sheria ibadilishwe, kwenye mtihani wa Serikali itasahihishwa jinsi ilivyo, na pointi ni pointi.

Kuna jambo lingine. Katika masomo mengi ya Afrika, zamani, mtoto aliyesema lugha ya kwao alivikwa kipande cha ubao au kitu kingine shingoni, apate aibu. Wazazi wetu wengine wanakumbuka. Mafundisho yake yalikuwa kwamba Kifaransa kinaingia kichwani pale tu lugha ya mama inapotoka. Maisha ya Marot yanaonyesha kwamba mtoto wa lugha nyingine anaweza kufika mbali katika Kifaransa. Na Vitabu nimevinunua inaonyesha kwamba lugha ya nyumbani inaweza kuwa taa ya kumulika ile nyingine.

Tulipomweleza yule dada haya yote chini ya mkaratusi, hakusema neno kwa muda mrefu. Mwisho aliuliza swali moja tu: Marot alikuwa na miaka mingapi alipoanza Kifaransa? Tulimjibu, kumi hivi. Akahesabu kwa vidole. Yeye alianza akiwa na nane. Akachukua kaye yake akarudi ndani. Ijumaa kuna dikte nyingine. Tutawaambia.

ZOEZI

Andikeni partisipe ya verbi iliyo katika mabano. Msitazame majibu kwanza!

1. Marot s'est (enfuir) en Italie.
2. Marguerite s'est (donner) de la peine pour lui.
3. La peine qu'elle s'est (donner) n'a pas été perdue.
4. Les deux amis se sont (séparer).
5. Les deux amies se sont (parler).
6. Les psaumes se sont (répandre) en Europe.
7. Elle s'est (souvenir) de sa langue.

Majibu: 1. enfui. 2. donné, kwa sababu taabu iko nyuma. 3. donnée, kwa sababu taabu imetangulia. 4. séparés. 5. parlé, kwa sababu tunasema parler à quelqu'un. 6. répandus. 7. souvenue, kwa sababu verbi hii haitembei kamwe bila se, nayo inafuata mtu mwenyewe.

Anayepata saba juu ya saba asijivune. Anayepata tatu aje Jumatano saa nane kwenye kilasi cha nne, tutafanya pamoja.

Kamati ya gazeti